Maranda Si Takataka

Katika viwanda vya mbao vilivyo jirani na Shamba la Miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, sehemu kubwa ya kila gogo linalopasuliwa haitoki ikiwa mbao. Hubaki mabanzi na maranda. Mabanzi huokotwa yakawa kuni, lakini maranda mengi hurundikwa na kuteketezwa bure. Wakati huo huo, zipo shule nchini ambazo zingali zikikata miti ili kuwapikia wanafunzi. Huo ni ufujaji wa mali ya Taifa.

Kila nishati yapasa kupimwa kwa haki. Banzi kavu halihitaji mtambo wowote. Likiwa bichi, joto lake huishia kukausha maji, na moshi humuumiza mpishi. Maranda makavu yakishindiliwa katika jiko la debe lenye tundu katikati, huwaka kwa saa kadhaa bila kuchochewa. Yakigandamizwa kwa mashine huwa vipande vigumu, rahisi kusafirisha na kuhifadhi. Ila mashine hiyo yataka umeme na fedha.

Mkaa hupendwa kwa kuwa hauna moshi mwingi. Lakini kilo 100 za kuni kavu, katika tanuri la udongo, hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Zaidi ya nusu ya joto hupotea kabla chungu hakijainjikwa. Tena, mkaa unaowashwa kwa kuota katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoua. Kuyageuza mabanzi makavu kuwa mkaa, basi, ni hasara juu ya hasara.

Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 umekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo halina mjadala. Hata hivyo, chakula cha wanafunzi hupikwa leo. Mwalimu mkuu ambaye jiko la shule yake halijafikiwa na gesi wala umeme anao wajibu wa kujenga banda la kukaushia mabanzi na jiko lenye bomba la moshi. Maofisa wa misitu na ushirika nao wavisaidie vikundi vya wananchi kupata mashine za kugandamiza maranda.

Mti uliokwisha katwa utumike wote, ndipo uguswe mwingine.