Mathe Alinunua Ploti ya "Karibu na Konza"

Wasee, leo naongea na yeyote ambaye mathe wake ameficha risiti za ploti chini ya godoro.

Mimi ni wa Olympic. Huku Kibera tunajua kuishi juu ya ardhi ya serikali maana yake ni nini. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Yetu haikuguswa, lakini mathe aliacha kulala. "Lazima tupate kwetu," akasema. Miezi michache baadaye chama chake kikaletewa ploti: futi 50 kwa 100, "dakika 10 kutoka Konza." Akaanza kulipa pole pole, na pesa ya chapati.

Tuelewane: Konza yenyewe si hewa. Serikali ilinunua ekari 5,000 kando ya Mombasa Road, Rais Kibaki akazindua ujenzi Januari 2013, na humo ndani ikapangwa KAIST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, kwa mkopo wa Korea Kusini. Uongo uko kwa hilo neno "karibu."

Cheki vile mchezo unaenda. Serikali inatangaza mji wa chuo. Mwenye pesa ananunua shamba kavu mbali huko, analikata vipande, anaweka bikoni, anachapisha bango lenye picha ya majengo ambayo si yake. Bei inapanda juu ya tangazo, hata kama hakuna mwanafunzi mmoja anayetafuta chumba. Faida anabeba yeye, leo. Kungoja ni kwa mama wa chapati.

Na serikali? Ndani ya ua wake imepanga kila kitu. Nje, iliweka masharti ya ujenzi kwa eneo la kilomita 10 kuzunguka mradi. Sasa, nani alikuja baraza la chifu huku kwetu kutuambia hivyo? Waliokuja ni maajenti, na basi la bure na soda.

Mtasema watu wazima wangesoma kabla ya kutia sahihi. Sawa. Lakini mtu anayeogopa tingatinga hasomi maandishi madogo. Anasoma neno moja: hati. Mathe alimaliza kulipa, na hiyo hati hajaiona mpaka leo.

Kwa hivyo nasema hivi: siku serikali inatangaza mji wa chuo, siku hiyo hiyo itoe ramani kwa Kiswahili, ionyeshe wapi kuna masharti na wapi wanafunzi watalala. Na anayelimbikiza mashamba akingoja bei ipande, alipe kodi ya kungoja.

Na wewe, usimcheke mathe wako. Chukua namba ya ile ploti, muulize ofisi ya ardhi imeandikwa jina la nani. Mimi na wangu tunaenda Jumatatu.