GPS ya klabu: bora mbili za kawaida kuliko moja ya kifahari

Najua nimewatelekeza karibu wiki tatu, lakini hali mnaijua wenyewe. Testi zimefuatana kama siafu na kuna mwalimu kaamua kutukumbusha kwamba kudisco bado kupo. Leo nimeiba saa moja kwenye msuli nije nitoe dukuduku langu, maana Jumamosi klabu yetu ya kupanda milima inakaa kikao kuamua inunue GPS gani ya mkononi, na mimi naona tunaelekea kubaya.

Kwa wasiojua, hela hizi tumechangishana tangu mwaka jana. Kuna watu wamekula chipsi kavu ili bumu libaki la mchango. Ukizibadilisha zinafika kama dola 500 hivi. Sasa mwenyekiti na washkaji zake wameshaipenda Garmin GPSMAP 67. Hiyo ilitoka 2023 na bei yake Marekani ilianzia dola 500, yaani mfuko wote unakwisha kwenye kidude kimoja. Sibishi kwamba ni mashine ya nguvu. Tatizo langu ni hiyo namba moja.

Nitawaambia kwa nini, na wale waliokuwepo wanisahihishe nikidanganya.

Mwezi wa tano tulipanda Lupanga, kile kilele cha Uluguru tunachokiona kila asubuhi tukitoka bwenini. Kutoka mjini Morogoro, kwenye mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, unapanda mpaka zaidi ya 2,100. Tulikuwa watu 19, mwongozaji mmoja, GPS moja ya kuazima. Kupanda tulienda vizuri, tukapiga picha, tukala mikate na mayai. Kushuka ndiyo kasheshe ilipoanza. Walio fiti walitangulia na mwongozaji, na GPS ikaenda nao. Nyuma tukabaki watano: mimi, mwenzangu wa chumba, madogo wawili wa mwaka wa kwanza, na dada mmoja aliyeteguka kifundo cha mguu akawa anashuka kwa makalio.

Ukungu ukaingia. Waliowahi kufika msitu wa Uluguru wanajua, ukungu ule hauombi ruhusa. Tukafika mahali njia inagawanyika, tukapiga kelele, kimya. Tukashika ya kushoto. Baada ya dakika kama arobaini tukasikia maji ya mto ambao asubuhi hatukuupita. Hapo hata wale wenye utani wakanyamaza.

Simu? Yangu ilikuwa imekufa kwa kupiga picha kutwa. Ya dogo mmoja ilikuwa hai na ilituonyesha tulipo, nukta ya bluu katikati ya weupe mtupu, kwa sababu mtandao hakuna na ramani hakuipakua kabla. Tulijua tupo, ila tupo wapi ndiyo hatukujua.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani na mzigo kichwani, huku chini msitu unapoishia. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, mmepotea?" Hakungoja jibu. Alituangalia miguuni, akatua mzigo, akaturudisha kwenye njia kubwa kabla giza halijaingia. Wenzetu walikuwa wametulia chini na GPS inayoonyesha njia yetu ya kupandia kwa mstari mzuri kabisa. Mstari ambao waliouhitaji ni sisi.

Ndiyo maana nasema kifaa kimoja, hata kiwe cha dhahabu, kinamsaidia aliyekishika tu. Kundi la watu 19 lina mbele na lina nyuma. Aliye nyuma ndiye mchovu, ndiye mgonjwa, ndiye anayepotea. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: hela hiyo inunue mbili za kawaida, moja mbele, moja kwa mtu wa mwisho kabisa.

Sasa mtaniuliza, za kawaida si zitatupoteza? Jamani, tuelewe mambo. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200 na zinatangaza bure kwa kila mtu. Kifaa kikipata angalau nne kinapiga hesabu ya mahali ulipo pamoja na mwinuko. Zamani jeshi la Marekani lilikuwa linaichafua makusudi ishara ya raia, kosa likawa linaweza kufika mita 100, mpaka Mei 2000 Rais Bill Clinton alipoamuru waache. Tangu hapo, mahali pa wazi, GPS ya bei ya chini ya kisasa na ya bei mbaya zinatofautiana kwa mita chache tu. Nyingi za sasa zinasoma na setilaiti nyingine pia, kama GLONASS za Urusi na Galileo za Ulaya.

Chini ya miti minene na kwenye mabonde hapo mwenyekiti ana pointi, nakubali. Ishara inagonga miti na miamba inafika imechelewa, na mashine inayopokea masafa zaidi ya moja inachambua vizuri zaidi. Lakini sisi hatupimi viwanja. Sisi tunataka kujua kama tumeiacha njia. Ukishika njia mbaya, ukatembea mita hamsini au mia, hata kifaa cha kawaida kitakuonyesha unaachana na mstari wa asubuhi. Kile kitendo cha kurekodi njia unapopanda na kuifuata kurudi ndicho kitu namba moja tunachokihitaji, na kipo hata kwenye za bei rahisi.

Basi tuangalie nini? Mimi ningepanga hivi.

Kwanza betri. Nataka inayotumia betri za AA, zile za saa ya ukutani, zinazopatikana kwa mangi yeyote. Yenye betri ya ndani ikizima mlimani inataka pawabanki na waya, na waya ndiyo huwa unasahaulika kitandani. Ila msidanganyike na betri za bei ya pipi, haziendi mbali. Chukueni alkalaini, au za kuchaji, na mkumbuke kuingia kwenye menyu mkaiambie mashine ni aina gani ya betri, la sivyo kipimo cha chaji kitawadanganya.

Pili, vitufe na siyo kioo cha kugusa. Jaribu kugusa kioo kwa vidole vyenye tope na matone ya mvua, utaniambia.

Tatu, maji. Tafuta alama ya IPX7, maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kwa mvua za Uluguru hilo si anasa.

Nne, ramani. Garmin eTrex 22x iliyotoka 2019 ilianzia dola 200, inatumia AA mbili, kampuni inasema saa 25, ina kioo cha rangi na unaweza kuiwekea ramani za bure za OpenStreetMap. Ndiyo ramani zile zile ambazo wanafunzi wenzetu wa Dar walizichora mtaa kwa mtaa kuanzia 2015 kwenye mradi wa Ramani Huria. eTrex SE ya 2023 ilianzia dola 150, haionyeshi ramani, ila inakaa na betri kwa muda mrefu sana. Mimi ningechukua mbili za aina ya 22x, hata zilizotumika kama ziko safi. Chenji inunue betri, dira ya kawaida na bandeji ya kufunga kifundo.

Tano, visivyo vya lazima. Dira ya ndani ya umeme na kipimo cha hewa cha kusoma mwinuko ni vitamu, lakini vinataka kurekebishwa mara kwa mara, na asiyejua kurekebisha vitampotosha. Dira ya sindano haiombi betri.

Halafu kuna jambo ambalo hata kwenye fildi watu wanalisahau. Ramani za zamani za serikali za skeli ya 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. GPS ikitoka dukani inasoma WGS84. Ukichukua namba za ramani ukazitia kwenye mashine bila kubadilisha, kwa huku kwetu unakosea kama mita 300. Hapo mita 300 ni tofauti ya bonde moja na lingine. Hakuna dola 500 itakayokusaidia kama hujui kuingia kwenye menyu ukachagua Arc 1960.

Kwa wale wanaosema simu inatosha: simu inasoma setilaiti hata bila mtandao, ni kweli, na mkipakua ramani kabla ya safari ni akiba nzuri. Iwe ya akiba tu. Simu ile ile unapigia picha, unapigia muziki, unaangushia kwenye jiwe. Siku ya shida ndiyo inakuwa asilimia nne.

Na hela ikibaki kidogo, tumlipe mwongozaji wa pili. Nasema hivi kwa sababu siku ile tulitolewa na mtu anayelijua lile eneo kwa miguu yake. Mashine ni ya kusaidia watu kama yule mama, haichukui nafasi yao.

Mwenyekiti, najua utasoma hii na najua utanuna. Mimi na wewe hatuna ugomvi. Ila siku ile wewe ulikuwa mbele kaka. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika mkono wa mtu anayelia, najiuliza nitawaambia nini wazazi wake. Kabla ya kunyoosha mkono Jumamosi, kila mmoja ajiulize mguu wake ukiteguka yeye atakuwa upande gani wa msafara.

Nawakilisha. Mwenye hoja tofauti tukutane kantini tubishane, ila chai juu yake. Narudi kwenye madesa.