Umaskini wa Komoro hautokani na udogo wa visiwa



Mimi ni Mngazija, mkazi wa Unguja kwa miaka mingi sasa. Kila nikienda nyumbani Komoro kuwaona ndugu, narudi na moyo mzito.

Safari iliyopita mpwa wangu alinionyesha bahasha yake ya kaki. Mna shahada ya uhasibu na nakala za barua za kuomba kazi, nyingine zimeshapauka. Nilimsindikiza kwenye ofisi moja ya serikali. Karani hakuifungua bahasha. Aliuliza tu, "Wewe mtoto wa nani?" Kijana akamtaja marehemu baba yake, mvuvi. Bahasha ikarudishwa: "Tutakuita." Hadi leo hajaitwa. Anaendesha teksi ya mtu mjini Moroni, na bahasha iko chini ya kiti.

Ukilalamika unaambiwa visiwa ni vidogo, havina madini, tutegemee nini? Jibu hilo limenichosha. Komoro ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1975. Jana yake, tarehe 5 Julai, Cabo Verde nayo ilijitawala. Ni visiwa vya volkano kama vyetu, ila mvua yake ni haba, na huko nyuma ukame uliwahi kuua watu wengi kwa njaa. Mwaka 1991 chama tawala cha huko kilishindwa uchaguzi, kikakabidhi madaraka kwa amani. Mwaka 2007 nchi hiyo ilitoka katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo. Sisi hata mwezi haukutimia: tarehe 3 Agosti 1975 serikali yetu ya kwanza ilipinduliwa. Mapinduzi na majaribio yake tangu hapo yamepita 20, na katika orodha ile bado tumo.

Wala si kwamba hatuna kitu. Kisiwani Nzwani nimewaona kina mama wakichuma langilangi alfajiri, leso zimelowa umande hadi magotini. Mafuta ya maua hayo huenda ng'ambo kutiwa katika manukato ya bei kubwa. Mchumaji hurudi na fedha ya kununua mchele, na mchele wenyewe umeletwa kwa meli. Jamaa zetu walioko Ufaransa nao hutuma fedha zinazozidi kwa mbali mapato yetu ya karafuu, vanila na langilangi. Fedha zinaingia. Kinachokosekana ni hesabu.

Chukua mfano wa uraia uliouzwa kwa wageni kwa sheria ya mwaka 2008. Tuliahidiwa barabara na umeme. Mwaka 2022 Rais wa zamani, Ahmed Abdallah Sambi, alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uuzaji huo. Lakini kufunga mtu si kutoa hesabu. Mwananchi anataka kujua fedha ngapi ziliingia, zikatumika wapi, na zilizobaki ziko kwa nani.

Wakati huohuo vijana wanapanda mashua za kwasakwasa usiku kutoka Nzwani, wakikimbilia kisiwa cha Maore kinachotawaliwa na Ufaransa, umbali wa kilomita kama 70. Tangu Ufaransa ilipoweka viza mwaka 1995, maelfu wamezama katika mkondo ule. Mtoto wa mvuvi anaijua bahari. Akiamua kuivuka usiku katika mashua iliyojaa watu, ujue nchi kavu imemshinda.

Ninachoomba kinawezekana. Nafasi za kazi serikalini zitangazwe, watu wafanye mtihani, na matokeo yabandikwe ukutani. Mapato ya bandari na forodha yasomwe hadharani kila mwaka. Na kura zihesabiwe mbele ya watu, anayeshindwa uchaguzi aondoke.

Nchi yetu ni ndogo, tunajuana hadi kwa mababu. Kujuana huko ndiko kulikomnyima mpwa wangu kazi, lakini kungeweza kutuokoa. Anayekula mali ya umma tunaijua nyumba yake, tunakaa naye kwenye harusi, tunasimama naye safu moja Ijumaa. Tukishatoka msikitini, tusione haya kumuuliza fedha zetu ziko wapi.

Wako,
Mngazija, Unguja