Chuo Ambacho Mwanafunzi Hufagia Mwenyewe



Kila mwaka matokeo ya KCSE yatokapo, wazazi wa Ganze huulizana jambo moja: chuo gani kina jina kubwa? Twaona swali hilo halitoshi. Yafaa kuuliza pia, watu wa chuo hicho huishi vipi, na mlango wake uko wazi kwa nani?

Viko vyuo vilivyofuata njia yao wenyewe. Ruskin, mjini Oxford, Uingereza, kilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi, nacho hakikudai cheti cha shule. Hapo mwanzo wanafunzi waligawana kazi za nyumba, kisha wakaketi kusoma uchumi na historia. Mwaka 1909 mkuu wao, Dennis Hird, alipoachishwa kazi, waligoma kuingia darasani. Ukiwafundisha watu wa vyama, usistaajabu wakigoma! Tom Mboya alisoma huko mwaka 1955 hadi 1956, hali ukosefu wa karo ulikuwa umemkatiza masomo ya sekondari.

Mfano huo ulifika hata pwani yetu. Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1961 kwa kuiga Ruskin, kikapokea watu wazima waliokuwa na kazi zao. Lakini vyuo hivi navyo vimebadilika. Kivukoni sasa ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na Ruskin kiliingia chini ya Chuo Kikuu cha West London mwaka 2021.

Sasa tujitazame. Kilifi mjini tuna Chuo Kikuu cha Pwani, nasi twajivunia. Lakini shahada yataka C+. Mwashi wa Ganze mwenye miaka 35, aliyeacha shule kwa sababu ya karo, na ambaye wenzake humtuma kwa mwajiri kila yanapozuka maneno ya mishahara, aende wapi? Huyo ana akili ya darasani. Darasa ndilo hana.

Kwa maoni yetu, chama kilipie mwanachama mmoja wa namna hiyo kila mwaka. Chuo cha Wafanyakazi cha Tom Mboya, kilicho Kisumu chini ya COTU, ndicho kiulizwe kwanza. Na kabla ya kulipa hata shilingi, kamati ipeleke watu wawili wakale chakula cha wanafunzi, wasikilize mabishano yao, waone kama mwalimu hukubali kubishiwa. Jambo hili lipigiwe kura katika mkutano ujao wa tawi.