Soya isikwamishwe mpakani kwa sababu ya panya

Muuza unga wa lishe akiulizwa na mteja kama kweli soya huleta saratani ya kongosho, asicheke wala asikasirike. Swali hilo lina chanzo. Mwaka 1980 watafiti wa Dundee, Uskoti, walichapisha matokeo ya panya waliolishwa unga wa soya mbichi kwa muda mrefu. Kongosho zao zilikua kupita kiasi, na baadhi yao wakapata saratani.

Soya mbichi ina protini zinazozuia tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini tumboni. Tripsini ikizuiwa, utumbo mdogo wa panya hutoa kwa wingi homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo huliamuru kongosho litengeneze vimeng'enya zaidi. Amri hiyo ikitolewa kila siku, miezi nenda miezi rudi, seli huongezeka, vinundu huota, na vingine hugeuka saratani.

Lakini panya si mteja wako. Hata hamsta wa maabara hawakuitikia kama panya, na saratani nyingi za kongosho la binadamu ni za aina nyingine, zenye sura ya seli za mirija. Tena moto huharibu sehemu kubwa ya vizuizi hivyo. Wafugaji wanalijua hili bila maabara: kifaranga akilishwa soya mbichi hudumaa.

Hofu yangu iko mpakani. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Sumukuvu ni hatari ya kweli kwa binadamu, sibishi, ila zuio lile la ghafla liliwaumiza hata wenye mahindi safi. Soya isije ikafikishwa huko kwa habari ya panya iliyosomwa nusu.

Kipo kipimo cha yurease, rahisi tu, ambacho viwanda vya chakula cha mifugo hukitumia kujua kama soya imepata moto wa kutosha. Kiwekwe kwenye vituo vya mpakani, na kila gunia la unga liandikwe kama soya yake ilikaangwa au la. Soya nzima inayokwenda kiwandani ipite. Moto itaukuta hukohuko.

Na wewe unayenunua unga kwa jumla, onja kidogo kabla ya kulipa. Ukisikia ladha ya maharage mabichi, mrudishie mwenyewe gunia lake.