Nyumba njema si mlango: Nakuru ijifunze kwa Pwani

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, ploti za katikati ya mji zinamezewa mate. Mwenye nyumba kuukuu anashauriwa abomoe, apandishe ghorofa. Kabla hajabomoa, naona kuna la kuzungumza, na sisi watu wa Pwani tuna la kusema kwa sababu jambo hili lilitufika mapema.

Nakuru ni mtoto wa reli, iliyofika huko mwaka 1900. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga nyumba za duka chini na familia juu. Mitaa ya Waafrika ikakua kando, mingine kwa majina ambayo msomaji wa Mombasa hahitaji kufasiriwa: Bondeni, Kaloleni. Baadhi ya nyumba hizo za duka zingali zimesimama, na vyumba vya juu vinaweza kukodishwa kwa pamoja na wachoraji, wapiga picha, mafundi cherehani na wanamuziki, wakigawana kodi, umeme na vifaa.

Wazo lenyewe si geni. Jijini Nairobi, kituo cha GoDown kilianza mwaka 2003 ndani ya bohari kuukuu, na wasanii wengi wamepata pa kufanyia kazi. Hapo Nakuru penyewe, makumbusho ya Hyrax Hill yamo ndani ya nyumba iliyokuwa ya shamba la mlowezi. Jengo likibadilishwa kazi, huendelea kuishi.

Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango. Pwani inatufunza mambo matatu.

Kwanza, kutangaza hifadhi hakutoshi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2000, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu wawili. Hilo lilikuwa jengo la serikali. Je, mjane aliyeachiwa nyumba ya mirathi Mji wa Kale, Mombasa, ambao umehifadhiwa kisheria tangu 1990? Sheria humzuia kubomoa. Haimpi pesa za boriti na chokaa.

Pili, ukarabati bila wenyeji ni hasara. Lamu tumeona nyumba zilizorudishiwa uzuri wake wote na wanunuzi kutoka mbali, kisha zikafungwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukuta umepona, mtaa umepoa.

Tatu, paa peke yake halimlishi msanii. Chuo cha muziki cha DCMA kilipata makao katika jengo la forodha ya zamani, Unguja, mahali pazuri mno. Hata hivyo mwaka 2019 kilitangaza hatari ya kufungwa kwa kukosa fedha. Jengo lilikuwepo, mishahara ya walimu ndiyo iliyokosekana.

Kwa hiyo, Nakuru ikitaka kulifanya jambo hili, ianze na hesabu. Katiba inazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya majengo na ardhi. Basi kaunti impunguzie kodi hiyo mwenye nyumba anayekarabati na kuwakodisha wasanii kwa bei iliyoandikwa katika mkataba wa miaka kadhaa. Bila mkataba, wasanii watapaka rangi, mtaa utapata jina, kisha kodi itapanda na wao ndio watakaofukuzwa kwanza.

Na wapangaji waliomo wasisahaulike. Fundi viatu aliyekaa barazani miaka ishirini naye ni fundi. Haifai atolewe ili aingie mchoraji. Nafasi ya kwanza iwe yake.

Wenye nyumba watasema ghorofa huleta kodi kubwa zaidi. Ni kweli, na sisemi kila nyumba ibaki. Nasema zichaguliwe chache, pamoja na wenyewe, kabla tingatinga halijachagua. Mji wenye maghorofa matupu ya juu na vijana wenye vipaji wasio na pa kukaa haujapata faida unayoidhania.

Nasi huku Mombasa na Lamu tusiwatazame Nakuru kama wageni wa jambo hili. Hesabu hiyohiyo ya kodi na mikataba hata sisi hatujaifanya.