Kunyanyua vyuma hakumdumazi mtoto, kukaa tu ndiko kunamuumiza

"Mtoto akinyanyua vitu vizito atadumaa." Umeisikia hiyo, pengine umeisema. Ushahidi hauiungi mkono. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kilisema mazoezi ya nguvu ni salama kwa watoto, ila wafundishwe vizuri na wasimamiwe. Mwaka huohuo WHO ilishauri wenye miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi wastani wa dakika 60 kwa siku, na angalau siku 3 kwa wiki yawemo ya kuimarisha misuli na mifupa.

Kwa nini misuli? Kwa sababu ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya kula. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kwa insulini kidogo. Ikilala, kongosho linalazimika kumwaga insulini zaidi na zaidi, na mwili unazidi kuipuuza. Hivyo ndivyo kisukari cha aina ya 2, tulichozoea kukiita cha watu wazima, kinavyomkuta kijana wa sekondari.

Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, watoto wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliopitiliza (asilimia 9.4) wamewazidi wenye uzito pungufu (asilimia 9.2). Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara bado haijafika huko. Lakini tazama Dar au Nairobi: basi la shule mpaka getini, chipsi, soda, simu. Mtihani ukikaribia, kipindi cha michezo kinakuwa cha hesabu.

Gym wala haihitajiki. Pushapu, kuchuchumaa na kusimama, kuvuta kamba, kupanda mti, vyote ni mazoezi ya nguvu. Na hapa ndipo shule zetu zinanishangaza: pushapu na kuruka kichurachura tumezifanya adhabu. Mwanafunzi akichelewa, "piga ishirini!" Mtoto anakua akijua zoezi ni fedheha, halafu akifika miaka 30 daktari anamwandikia zoezi hilohilo kama tiba.

Mzazi, ukianza na mwanao usitegemee mizani ishuke haraka, misuli nayo ina uzito. Mwenye tatizo la moyo apitie kwa daktari kwanza. Poda za kujaza misuli, achana nazo.